Pasi ya mkono au pasi ya mguu? Jibu kwa mama mwenye kijana uwanjani Galway

SWALI: Kocha, habari za kazi. Mimi nyumbani ni Tanga, ila tuko Galway, Ayalandi, na familia huu mwaka wa nne. Kijana wetu wa miaka 13 amejiunga na klabu ya mpira wa Kigaeli hapa mtaani na ameupenda mno. Kinachonisumbua ni hiki. Kocha wao anawaambia wapigiane pasi za mkono, taratibu, wasipoteze mpira. Wazee wanaosimama pembeni nao wanapiga kelele mechi nzima wakitaka watoto wapige kwa mguu. Kijana anarudi nyumbani kachanganyikiwa, na mimi sina la kumwambia. Nani yuko sahihi? Na yeye afanye mazoezi ya kipi?

JIBU: Dada yangu, habari ni nzuri, nashukuru. Nianze na la kumwambia leo jioni: afanye mazoezi ya mguu, tena miguu yote miwili, na siku ya mechi amsikilize kocha wake. Hayo mawili hayagongani. Kwa nini hayagongani ndiyo sehemu ndefu, na nakuomba univumilie, maana ugomvi unaousikia pembeni ya uwanja wenu ni mkubwa kuliko klabu yenu. Ayalandi imekuwa ikigombana juu ya jambo hili tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Mikutano mikuu imekaa, sheria zimeandikwa, zimefutwa, zimeandikwa tena.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuuona mchezo huu: kila timu ina watu 15, uwanja ni mrefu kuliko wa soka, kati ya mita 130 na 145, na goli lina umbo la herufi H. Mpira ukipita juu ya mtambaa panya katikati ya nguzo, kwa kawaida ni pointi moja. Ukiingia wavuni ni goli, na goli ni sawa na pointi tatu. Ndiyo maana utaona matokeo yameandikwa 1-11, yaani goli moja na pointi 11, jumla 14. Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira, lakini kila baada ya hatua nne lazima audunde chini au auangushie ncha ya kiatu urudi mkononi, kama mtu anayepiga danadana moja moja huku anakimbia. Kuudunda mara mbili mfululizo hairuhusiwi. Akitaka kumpa mwenzake, ana mguu na ana mkono.

Kwenye mkono ndipo sisi tuliokulia kwenye netiboli na mpira wa kikapu tunapokosea. Kurusha ni kosa. Mpira unakaa juu ya kiganja cha mkono mmoja, na mkono wa pili unaupiga, kwa ngumi au kwa kiganja kilicho wazi, na refa lazima alione lile pigo. Akiona umesukuma au umerusha, anapuliza. Siku moja simama karibu umtazame mwanao: mkono uliobeba mpira unatulia, ule mwingine unatokea chini nyuma ya paja, unaupiga mpira kwa sehemu ngumu ya kiganja karibu na kifundo, kisha unaendelea mbele kuelekea kwa anayepokea. Mtoto mwenye bidii anaumudu kwa wiki chache. Pasi hiyo inakwenda mita 10 au 15. Kwa mguu, mchezaji aliyefundishwa vizuri anaupeleka mpira mita 30, 40, na zaidi.

Hebu tukadirie pamoja. Pasi nzuri ya mguu inavuka mita 40 kwa sekunde mbili na ushei. Beki anayekimbia kurudi kwao, kwa sekunde hizo hizo, hajamaliza hata mita 20. Umbali ule ule kwa mkono unataka pasi tatu au nne, na kila pasi ina kudaka, kugeuka, kutazama na kupiga. Sekunde saba, nane zimekwisha. Mabeki wote wamesharudi, wamejipanga, wanakusubiri. Hiyo ndiyo hesabu iliyo ndani ya kelele za wale wazee. Hawaitaji kwa mita na sekunde, lakini wanaiona: mwanya uliokuwa wazi pale mbele umeshafungwa, na watoto bado wanapeana mpira katikati ya uwanja.

Kocha naye ana hesabu yake. Mpira unaokaa hewani mita 40 ni wa yeyote atakayeruka vizuri. Beki anaweza kuudaka, anaweza kuupangua, na magharibi ya Ayalandi mvua ikinyesha, wewe unaijua, mpira unateleza kama sabuni. Pasi ya mkono ya mita nane kwa mtu asiyekabwa inafika karibu kila mara. Halafu sheria za kukaba katika mchezo huu zinambana beki: anaweza kugongana bega kwa bega, anaweza kuupiga mpira kwa kiganja wazi, lakini hawezi kumshika mtu wala kumwangusha. Kwa hiyo mchezaji mwenye mpira aliye na wenzake wawili wanaokimbia karibu naye ni mgumu sana kunyang'anywa. Aliye peke yake akijipeleka katikati ya mabeki watatu, humezwa. Timu za pasi ya mkono hukimbia kwa makundi kwa sababu hiyo.

Kwetu Tanzania mashabiki wa soka wana majina ya mitindo hii miwili, na sijapata mengine yanayoieleza vizuri zaidi: kampa kampa tena, na butua butua. Ila nakutahadharisha. Pasi ya mguu ya kweli katika mpira wa Kigaeli si butua butua. Anayebutua anauondoa mpira kwake tu. Anayepiga pasi amemwona mtu, amemwona anakokwenda, na anauweka mpira mbele ya kifua chake.

Nimesema ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1946 timu ya kaunti ya Antrim, kutoka kaskazini, ilifika nusu fainali ya ubingwa wa kaunti za Ayalandi nzima ikicheza pasi za mkono za haraka zisizo za kawaida kwa wakati ule. Mbele yao walikuwa Kerry, kaunti ya kusini-magharibi ambayo ndiyo shule ya kudaka juu na kupiga mbali, na ambayo mpaka leo ina makombe mengi kuliko zote. Kerry hawakuufuata mpira. Walimzuia yule anayekimbia kuupokea, kabla haujamfikia. Wakashinda 2-7 kwa 0-10, na Antrim wakalalamika rasmi bila mafanikio. Miaka michache baadaye pasi ya kiganja wazi ikapigwa marufuku, ikabaki ya ngumi peke yake. Nikitafakari historia hii huwa nawahurumia wale vijana wa Antrim: walikuja na wazo jipya, wakapigwa mabega nje ya mpira, kisha wazo lenyewe likafungiwa.

Kiganja kikarudishwa mwaka 1975, na hapo hapo likazaliwa pambano ambalo wazee wa umri wa miaka 60 na kuendelea hawachoki kulisimulia, la Dublin ya kocha Kevin Heffernan na Kerry ya kocha Mick O'Dwyer. Jambo linalosahauliwa ni kwamba Kerry ile, ambayo watu wanaitaja leo kama mfano wa mpira wa mguu, ilikuwa hodari wa mkono. Vijana wa O'Dwyer walikuwa na mapafu kuliko wapinzani wote, walikimbia kwa zamu bega kwa bega na mwenye mpira, wakapeana mpaka ndani ya boksi. Walichukua ubingwa mara nne mfululizo, 1978 hadi 1981. Magoli ya kupigwa kwa mkono yalizidi hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakakatazwa. Kwa hiyo, dada yangu, mzee akikwambia zamani hatukucheza hivi, mjibu kwa heshima kwamba zamani ipi, maana zamani zilikuwa kadhaa.

Miaka ya 2000 mambo yakakaza. Tyrone ya Mickey Harte, mwaka 2003, iliikaba Kerry katika nusu fainali mpaka Kerry wakaambulia pointi sita mechi nzima. Kila mchezaji wa Kerry aliyepokea mpira alizingirwa na watu wanne, watano. Pat Spillane, mshindi wa zamani wa Kerry aliyekuwa mchambuzi wa televisheni, aliuita mpira wa matapishi, na neno hilo halijasahauliwa kaskazini. Kisha ikaja Donegal ya Jim McGuinness. Mwaka 2011, nusu fainali, karibu timu yao nzima ilirudi nyuma ya mpira. Dublin walishinda 0-8 kwa 0-6. Pointi 14 kwa timu mbili ndani ya dakika 70! Sisi kwa lugha yetu tungesema walipaki basi.

Ukiwa na ukuta wa watu 12 au 13 mbele yako, pasi ndefu ya mguu unampelekea nani? Fowadi wako mmoja amezungukwa na mabeki watatu. Kwa hiyo timu inayoshambulia nayo ikajifunza kusubiri: mkono huku, mkono kule, kutoka pembeni kwenda pembeni nje ya ukuta, dakika nzima, mpaka mtu mmoja ateleze. Hapo ndipo mpira wa Kigaeli ulipoanza kuwachosha watazamaji wake wenyewe. Lakini zingatia mpangilio wa mambo: ukuta ulitangulia, mikono ikafuata. Hili ndilo ningependa kocha na wazee wa klabu yenu wote walisikie, kwa sababu watu wengi wanaulaumu mkono kwa ugonjwa ulioletwa na msongamano.

Na Donegal wenyewe walijua. Fainali ya 2012 dhidi ya Mayo, dakika ya tatu tu, Karl Lacey aliinua kichwa na kupiga mpira mrefu wa juu kuelekea golini. Michael Murphy alimtangulia beki wake hewani, akaudaka, akatua, akageuka, akaupiga wavuni kwa nguvu ambayo kipa hakuwa na la kufanya. Timu iliyoshutumiwa kuua mpira wa mguu ilijitengenezea ubingwa kwa pasi moja ya mguu. Walishinda 2-11 kwa 0-13. Niliirudia video ile mara nyingi nilipoanza kufundisha. Kinachonigusa zaidi ni Murphy kabla ya mpira kupigwa: ameshajiweka mbele ya beki, ameshaomba, na Lacey ameshamwona. Teke lile lilianza kwa anayepokea.

Dublin ya Jim Gavin, iliyotwaa ubingwa mara sita kati ya 2013 na 2019, ndiyo iliyoichanganya mitindo yote miwili kwa ustadi mkubwa kuliko timu nyingine niliyoiona. Mwaka 2014 walijimwaga mbele kushambulia, Donegal wakawaadhibu kwa mashambulizi ya kushtukiza, 3-14 kwa 0-17. Baada ya hapo wakajifunza subira. Wangeweza kuuzungusha mpira kwa mikono muda mrefu bila haraka, lakini macho yao yalikuwa yanatafuta upenyo wa mguu kila sekunde. Na mali yao ya kwanza ilikuwa golikipa, Stephen Cluxton, mwenye medali tisa za ubingwa. Mpira wa goli kiki aliuweka chini, akapiga hatua chache, akaupeleka mita 40 kifuani kwa mwenzake aliyekuwa anakimbia kwenye nafasi ambayo haikuwepo sekunde moja kabla. Mfululizo mwingi wa pasi za mkono za Dublin uliosifiwa ulianzia kwenye mguu wake.

Wakuu wa mchezo walijaribu kuitibu hali kwa kuhesabu. Katika mashindano ya kabla ya msimu wa 2019 waliweka sheria ya majaribio: pasi za mkono zisizidi tatu mfululizo, kisha lazima mguu. Haikufika hata kwenye ligi. Ilifutwa Januari ile ile. Mimi niliipinga tangu siku ya kwanza na bado nadhani nilikuwa sahihi. Refa tayari anahesabu hatua nne, midundo na muda. Sasa ahesabu na pasi? Kubwa zaidi, mabeki nao wanajua kuhesabu. Baada ya pasi ya tatu wanasogea, wakijua teke linakuja, na mchezaji analazimika kuupiga mguu usio na mahali pa kwenda. Unapata mateke mengi, lakini pasi chache.

Tiba iliyofanya kazi haikuugusa mkono kabisa. Mwaka 2024 GAA, chama kinachousimamia mchezo huu, kiliunda kamati ya kuupitia upya mchezo, na mwenyekiti wake akawa yule yule Jim Gavin. Mapendekezo yao yalipitishwa Novemba mwaka huo na kuanza kuchezwa 2025. Kila timu lazima iache wachezaji watatu katika nusu ya wapinzani muda wote, na watatu katika nusu yake, mbali na golikipa. Goli kiki lazima ivuke tao lililochorwa mita 40 kutoka golini. Pointi ya mguu iliyopigwa kutoka nje ya tao hilo inahesabiwa mbili. Golikipa hapokei tena pasi ya mwenzake ovyo ovyo. Labda wote wawili wawe ndani ya boksi kubwa, au yeye awe ameshavuka nusu ya uwanja. Soma tena sheria hizo na utaona hakuna hata moja inayosema piga mguu. Zinachofanya ni kuwaondoa watu njiani. Ukuta wa watu 14 haujengeki tena, mbele wapo mafowadi watatu wana nafasi ya kukimbia, na ghafla pasi ya mita 40 ina mtu wa kuipokea.

Angalia fainali mbili zilizofuatana. Mwaka 2024, kwa sheria za zamani, Armagh 1-11, Galway 0-13. Samahani kwa kukukumbusha, najua mtaa wenu ulilia siku ile. Goli pekee la mechi lilifungwa na Aaron McKay, ambaye ni beki wa kati wa nyuma kabisa. Ndivyo watu walivyokuwa wanapanda na kushuka wote kwa pamoja. Jumla ya pointi za timu zote mbili ilikuwa 27. Mwaka 2025, Kerry 1-26, Donegal 0-19. Jumla 48. Sehemu ya ongezeko hilo ni zile pointi zinazohesabiwa mbili, hilo ni kweli. Lakini David Clifford wa Kerry, aliyepata tisa peke yake, alikuwa anapokea mpira akiwa na nafasi ya kugeuka, kitu ambacho fowadi wa 2011 alikisahau. Na pasi za mkono hazikwenda popote. Timu bado zinazizungusha nje ya tao zikimtafutia mpigaji wao nafasi ya pointi mbili. Zimekuwa kazi ya kutayarisha mguu, na hapo ndipo zinapopendeza.

Huna haja ya kwenda mbali kuuona mpira huo. Hapo hapo kaunti ya Galway, kaskazini ya mjini, kuna Corofin, klabu ya kijijini iliyotwaa ubingwa wa vilabu wa Ayalandi nzima miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, jambo ambalo hakuna klabu ya wanaume iliyowahi kulifanya kabla yao. Fainali ya 2018 waliifunga Nemo Rangers ya Cork 2-19 kwa 0-12, tena wakati nchi nzima ilikuwa inasema mguu umekufa. Wao mpira ukinyang'anywa nyuma, pasi ya kwanza ilikuwa ya mguu, mapema, chini chini, kwa fowadi anayekimbia kutoka golini kuja kuupokea. Akishadaka, wawili wameshamfikia, na hapo ndipo mkono unapoingia: pasi moja ya mita tano kwa yule anayepita kwa kasi, na goli liko mbele yake. Mguu unafungua, mkono unamalizia. Wazee wa klabu yenu huenda waliziona mechi zile kwa macho yao, na kelele zao zinatoka kwenye upendo wa mpira huo.

Turudi kwa kijana. Kocha wake si mjinga. Ana watoto wa miaka 13, wengine warefu kama watu wazima, wengine bado wadogo, na nusu yao hawajaweza kupiga teke la mita 25 likafika. Akiwaruhusu wapige kila wakipata mpira, mechi itakuwa ya watoto watatu wakubwa wanaogombea mpira hewani huku waliobaki wanatazama. Pasi ya mkono inawapa wote sehemu, inawafundisha kumkimbilia mwenzao aliyebanwa na kuinua kichwa. Kwenye mechi, amtii.

Lakini mimi nina kosa langu ambalo sitaki lirudiwe kwa mtoto wako. Miaka yangu ya kwanza ya kufundisha niliwapa watoto mchezo mmoja mazoezini kila wiki: hesabu pasi kumi mfululizo bila kupoteza, timu inayofika kumi inashinda. Walikuwa wa mikono tu. Tulishinda mechi nyingi za wadogo, na wazazi walifurahi, na mimi nikajiona najua. Walipofika miaka 16, uwanja ukawa mkubwa na mabeki wenye mbio, kila mtu alitusubiri nyuma kwa sababu alijua hatuna mguu. Nilikuwa na kijana mmoja mwenye akili ya mpira kuliko wote niliowafundisha. Aliiona pasi, nilimwona akiiona, kichwa kinainuka, bega linafunguka, kisha anausogeza mpira kwa mkono kwa mtu wa karibu kwa sababu mguu wake haukuweza kuifikisha. Aliacha kucheza mwaka uliofuata. Mpaka leo nikimkuta dukani naona aibu, kwa sababu miaka mitatu ile ilikuwa mikononi mwangu.

Mkono unajifunzwa kwa miezi, mguu unataka miaka. Ndiyo sababu ninakwambia mguu uanze sasa, nyumbani, nje ya saa za kocha.

Anachohitaji ni mpira na ukuta. Mpira wa umri wake ni mwepesi kuliko ule wa wakubwa, ambao una uzito kama nusu kilo, kwa hiyo uwe saizi wanayotumia klabuni. Asimame mita 12 kutoka ukutani. Kosa kubwa la watoto liko mkononi kabla ya mguu: wanaurusha mpira juu kidogo halafu wanaupiga ukiwa unayumba. Ashike kwa mikono miwili, kisha mkono wa upande wa mguu unaopiga ndio uubebe na kuuachia, usirushe, uachie tu karibu na kiatu, mpira ushuke umetulia bila kuzunguka. Ncha ya kiatu inyooke kuelekea mbele, kifundo kikazwe, mpira uguswe na mgongo wa mguu, pale penye kamba. Kichwa chini mpaka mguu uguse. Halafu adake unaporudi, kwa kifua na mikono, kabla haujadunda. Ishirini kulia, ishirini kushoto, na wa kushoto ndio aanze nao kwa sababu akiuacha wa mwisho atakuwa amechoka na atauruka. Dakika 20, mara nne kwa wiki. Akishaweza kupiga mahali pamoja ukutani mara nane kati ya kumi, arudi nyuma hatua tatu. Wiki za kwanza za mguu wa kushoto zitamvunja moyo. Mpe chai, mrudishe nje.

Kitu cha pili kinataka mwenzake mmoja. Mmoja akimbie kwa mshazari, mwingine ampigie mbele yake, sio miguuni wala mgongoni. Wabadilishane. Hapa ndipo mateke yanapogeuka kuwa pasi, na ndipo mwanao atakapojifunza kwamba nusu ya kazi ni ya yule anayekimbia. Ukimsikia mzee anapiga kelele na mpira ukapotea, mara nyingi mpigaji analaumiwa ilhali mbele yake palikuwa na mafowadi watatu wamesimama kama milingoti.

Unaweza pia kuongea na kocha mwenyewe, kwa upole, baada ya mazoezi. Usimwambie abadilishe mtindo. Muulize tu: katika mazoezi ya wiki hii, watoto watapiga pasi za mguu ngapi kila mmoja? Kocha anayejali atakwenda nyumbani na swali hilo.

Jumamosi ukifika uwanjani, fanya kitu kimoja kwa ajili yangu. Kwa dakika kumi za kwanza usiufuate mpira. Chagua fowadi mmoja wa timu yenu, yule aliye karibu na goli la wapinzani, umtazame yeye peke yake. Kila timu yenu inapopata mpira nyuma, angalia kama anaondoka mahali alipo, anakimbilia upande gani, na kama kuna mtu aliyeinua kichwa akamwona. Hesabu mara ngapi alikimbia akawa wazi na mpira ukabaki kwenye mikono katikati ya uwanja, na mara ngapi alisimama tu. Uniandikie ulichohesabu, nami nitakwambia kama wazee wenu wana haki ya kupiga kelele.